Chandarua cha dawa mbili: nimekilalia, na hesabu za wanaokitengeneza nimezisoma

Assalaam alaykum waungwana. Masika yashaingia, huku kwetu Fuoni, Unguja, maji yamesimama kila pahala, na ikifika wakati kama huu watu wananiuliza chandarua gani kizuri, kwa sababu wanajua nna vyumba vya kukodisha upande wa Tunguu, wanakaa wanafunzi wa chuo, na kila chumba naweka kitanda, godoro, meza na chandarua. Kwaiyo naandika hapa mara moja, atakaeuliza tena nimtumie. Itakuwa ndefu. Mie kazi yangu ni mahesabu, kutwa nashinda na vitabu vya hoteli, na mtu wa mahesabu akinunua kitu hatosheki na bei ya dukani, anataka ajue aliyekitengeneza kaweka nini ndani yake. Kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote kubwa kuna mstari wa utafiti na uendelezaji, yaani pesa waliyotumia kutafuta vitu vipya, na mie ndo wa kwanza kuutafuta. Kwenye chandarua huo mstari una mambo mazito kuliko nlivotegemea.

Saivi ndani ya nyumba nna vyandarua vya aina tatu.

Nianze na hichi cha lesi. Ni cha duara, kina pete juu, lesi nyeupe inashuka mpaka chini, ukikifunga kwenye kitanda cha besera kinapendeza mpaka basi. Nlinunua mjini, duka silitaji. Nikamuuliza muuzaji, hichi kina dawa? Akanambia "kina dawa dada, we kinuse tu". Nikakinusa, kweli harufu ipo, lakini ni harufu ya kitambaa kipya na mfuko wa nailoni kilichofungiwa. Lebo iliyoshonwa pembeni imeandikwa saizi na maelekezo ya kufua, basi. Jina la dawa hakuna, kiwanda hakuna. Chandarua cha dawa cha kweli lebo yake imeshonwa kwenye pindo, inataja dawa gani na kiasi gani, kiwanda gani, na namba ya toleo. Kama lebo haitaji dawa mie nahesabu hakina dawa, hata muuzaji aape.

Na chandarua kisicho dawa ni ukuta tu. Mtoto akijigaragaza usiku mkono ukaegemea neti, mbu anamuuma akiwa kule kule nje, na kikitoboka tundu la kuingia kidole mbu atalitafuta mpaka alione kwa sababu hakuna kinachomzuia kutembea juu yake usiku kucha. Nakipa nyota mbili, kwa sababu kulala na ukuta ni bora kuliko kulala wazi, na kwa sababu ni kizuri wallahi.

Cha pili ni kile cha koponi. Mnakijua wenyewe, unakwenda kwa sheha unaandikwa, unapewa koponi, unakwenda kituo cha afya unakichukua bure, na mama mjamzito anapata chake kliniki. Hichi changu ni cha siku nyingi, cha nyuzi ngumu za plastiki zenye matundu makubwa, njiti ya kiberiti inapita bila kugusa pembeni, na kila mgeni akikiona anauliza sasa hapa mbu si atapita? Suala zuri, na jawabu lake ndo utafiti wenyewe.

Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani walikuwa na mtaalamu anaitwa Takaaki Ito, alikuwa anashughulikia neti za kuzuia wadudu kwenye viwanda, hizi za madirishani. Wakapata njia ya kuichanganya dawa ya permetrini na plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, kwaiyo dawa inakaa ndani ya uzi wenyewe na ile ya juu ikiondoka kwa kufuliwa inatoka nyengine ndani polepole. Ukishaweza hilo, matundu yanaweza kuwa makubwa na upepo ukapita, na kwa joto letu la mwezi wa pili na wa tatu mtu asiyepata upepo atakitupa chandarua pembeni hata ukimwambia nini. Mbu kabla ya kupita huwa anatua, na akitua ashaigusa dawa. Wakakiita Olyset, Shirika la Afya Duniani likakipitisha 2001, na ndo cha mwanzo duniani cha dawa inayokaa miaka. Kabla ya hapo ilikuwa kila baada ya miezi unatia dawa kwenye beseni unachovya chandarua upya, na nani alikuwa anakumbuka? Mwaka 2003 teknolojia ikaletwa Arusha kwa A to Z Textile Mills bila kutozwa ada ya haki miliki, na vyandarua vikaanza kutengenezwa hapa hapa Tanzania.

Lakini ngojeni. Permetrini yenyewe haikutoka Japani. Waliogundua ni Michael Elliott na wenzake kwenye kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, kituo cha utafiti wa kilimo, na walichofanya ni kuiga sumu ya ua la pareto, pareto hilihili linalolimwa Iringa na Mbeya, wakaitengeneza maabara iwe inastahamili jua. Sasa hesabu nani kaweka pesa kwenye hichi chandarua cha koponi. Wapo watafiti wa Uingereza waliokuwa wanafikiria mashamba, halafu kampuni ya Japani iliyokuwa inafikiria madirisha ya viwanda, halafu ndo tukaja sisi. Mtoto anaelala chini yake alikuwa wa mwisho kwenye foleni, na hii ndo sababu nimeamua kuandika yote haya badala ya kukupeni nyota tu.

Ukirudi nyuma zaidi ni vilevile. DDT iligunduliwa kuwa inaua wadudu na Paul Müller mwaka 1939, muajiriwa wa kampuni ya Geigy kule Basel, Uswisi, kampuni ikitafuta dawa ya nondo wanaokula sufu na wadudu wa mazao. Akapewa Nobeli 1948. Mtu wa ukoo huohuo wa Geigy, Profesa Rudolf Geigy, ndo aliyeanzisha maabara ya Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara inayoheshimika dunia nzima kwa mambo ya mbu. Na wazee wetu wa Unguja na Pemba wanakumbuka wapiga dawa wa wakati ule, malaria ikashuka sana mpaka watu wakaona imekwisha, kampeni ikasimamishwa 1968, na malaria ikarudi.

Ilipofika 2003 tukaingia kwenye dawa mseto, 2006 vyandarua vya dawa na upigaji dawa majumbani vikaja kwa wingi, na malaria Zanzibar ikashuka mpaka chini ya asilimia 1 ya watu wanaopimwa. Tusilichukulie hili kama kitu cha kawaida. Mie nimekulia kwenye nyumba ambayo homa ilikuwa mgeni wa kila masika, mtoto anatetemeka kwenye jua la saa sita, na wanangu hawajui hata nazungumzia nini.

Shida ni kwamba mbu nao wanajifunza. Kwa miaka mingi dawa za jamii ya pareto ndo pekee zilizokuwa zinatiwa kwenye vyandarua, zilezile zinapigwa mashambani, zilezile tukazipiga ukutani, na mbu mwenye vimeng'enya vya kuivunja sumu anabaki anazaa wenziwe. Huku kwetu ikafika mpaka dawa ya kupiga ukutani ikabadilishwa ikatafutwa ya jamii nyengine. Na mwisho wa 2023 kuingia 2024 kesi Zanzibar zikapanda vizuri tu, sababu zilikuwa nyingi na sitaki kumtwisha mbu peke yake, lakini tuliona wenyewe kwamba ile asilimia 1 haikuandikwa kwenye jiwe. Chandarua changu cha koponi sina malalamiko nacho, kimenifanyia kazi yake, ila vyandarua hivi vimepangiwa kama miaka 3 na changu kishapitisha, kwaiyo nyota nakipa tatu na namshauri mwenye cha umri huo aende kwa sheha akaulize.

Sasa cha tatu. Hichi kaniletea shemeji yangu anaekaa Mwanza, ni cha dawa mbili. Ni laini, cha poliesta, kitambaa kinashuka kama shiti, matundu madogo, na kwenye lebo dawa zimetajwa mbili, moja ya jamii ya pareto na ya pili inaitwa klofenapiri. Hii ya pili ndo inayonifanya nikipe nyota tano, na nataka nieleze inavofanya kazi kwa sababu nlipoielewa nlikaa kimya.

Dawa za jamii ya pareto zinapiga mishipa ya fahamu ya mbu, anaanguka papo hapo, na mbu sugu anazivunja kwa vile vimeng'enya vyake kabla hazijafika. Klofenapiri ikiingia kwa mbu haijawa sumu kamili. Vimeng'enya vilevile anavyovitumia kujikinga ndo vinavoigeuza kuwa sumu kamili, halafu inakwenda kuzuia seli zake zisitengeneze nguvu, kwenye mitokondria, mbu anaishiwa nguvu anakufa. Yaani kinga yake ndo inayomuua.

Kwa anaetumia kuna jambo la kujua: haiui haraka. Usitegemee asubuhi ukute mbu wamelala chini kama ulipiga dawa ya kopo. Mbu anagusa, anaondoka, anakufa baadae, pengine siku ya pili au ya tatu. Mpangaji wangu mmoja alinambia chandarua hichi hakifanyi kazi kwa sababu haoni mizoga, na nikamueleza haya haya. Kipimo chake hakiko chumbani kwako, kiko kwa watu wengi waliopimwa kwa muda, na hapo ndo nawaheshimu ndugu zetu wa bara. Jaribio kubwa lilifanywa Misungwi, Mwanza, na watafiti wetu wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, akiwemo Dokta Jacklin Mosha pamoja na wenzao wa Moshi na London, wakagawa vyandarua vya aina tofauti kwa vijiji, wakawafuata watoto, na matokeo yakachapishwa 2022 kwenye jarida la Lancet: waliolalia cha klofenapiri kesi zilipungua kama asilimia 44 ndani ya miaka 2 ukilinganisha na waliolalia cha kawaida. Mwaka uliofuata, 2023, Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo vitumike. Ukisikia mtu anasema sisi hatuna mchango kwenye sayansi, mwambie dunia nzima inanunua hivi vyandarua kwa ushahidi uliotoka Misungwi.

Cha mwanzo cha aina hii ni Interceptor G2 cha BASF, kampuni ya Ujerumani. Nikafungua ripoti zao. Klofenapiri asili yake ni kemikali inayotolewa na vijidudu vya kwenye udongo, kampuni ya Marekani American Cyanamid ikaiendeleza iwe dawa ya wadudu wa mazao, BASF wakainunua biashara hiyo ya dawa za mimea mwaka 2000, na ikachukua miaka zaidi ya 10 ya kazi mpaka ikakaa kwenye uzi wa chandarua na kuidhinishwa, wakisaidiana na IVCC, taasisi iliyoanzishwa Liverpool 2005 kwa ajili ya kazi hii hii ya kuzisukuma kampuni zitazame mbu. Kwaiyo tena, mara ya tatu, kitu kilichotafutwa kwa ajili ya kabichi na pamba kimekuja kumlinda mtoto wa Kiafrika. Nashukuru kimekuja. Lakini angalieni ukubwa wa pesa za utafiti zinazozunguka duniani ndo mtaelewa kwanini inakuwa hivo.

Nachukua mwaka mmoja tu, 2022, ili nisichanganye. Amazon kwenye mstari wao wa teknolojia na maudhui waliandika dola bilioni 73.2. Alphabet, wenye Google, bilioni 39.5. Meta, wenye Facebook na WhatsApp tunayotumiana hapa, bilioni 35.3. Apple bilioni 26.3. Volkswagen euro bilioni 18.9. Huawei yuan bilioni 161.5, na hiyo kwao ni robo ya mapato yote ya mwaka, jambo ambalo mtu wa mahesabu lazima alivulie kofia. BASF mwaka huohuo euro bilioni 2.3 kwenye mapato ya bilioni 87.3, hazifiki hata asilimia 3, na sehemu kubwa kuliko zote ndani ya hizo ni ya kilimo. Jumuiya ya Ulaya kila mwaka inatoa orodha ya kampuni zinazoongoza kwa matumizi haya, na kampuni 2,500 za juu kwa mwaka huo zilifika kama euro trilioni 1.25.

Hapa nitie tahadhari ya kikazi, kwa sababu watu wanazipanga hizi namba juu chini kama ligi ya mpira na si sawa. Amazon mstari wao unachanganya utafiti na gharama za kuendesha mitambo na tovuti, haukutenganishwa kama wa Apple. Na kampuni za Marekani kwa kanuni zao karibu pesa yote ya utafiti wanaiandika gharama ya mwaka huohuo, wakati za Ulaya kama Volkswagen sehemu ya uendelezaji inaruhusiwa kuwekwa kama mali na kupunguzwa taratibu miaka inayofuata. Kwaiyo ukiona moja imeizidi nyengine kwa bilioni mbili tatu usikimbilie kusema imetafiti zaidi.

Na kutumia nyingi si lazima kupata kizuri. Nokia mwaka 2010 waliweka karibu euro bilioni 5.9 kwenye utafiti, zikiwemo za mitambo ya mitandao, na Apple mwaka wao huo wa hesabu waliweka dola bilioni 1.8 tu. Nani hapa hakuwahi kuwa na Nokia? Biashara ya simu ya Nokia ikauzwa kwa Microsoft, ikakabidhiwa 2014. Washauri wa Booz waliokuwa wakizipima kampuni 1,000 zinazotumia zaidi walisema miaka nenda rudi kwamba hawaoni uhusiano wa moja kwa moja kati ya kiasi cha pesa ya utafiti na faida. Naamini hivyo, lakini kwa mbu hoja hiyo haitusaidii, kwa sababu ipo tofauti ya kutumia vibaya na kutotumia.

Ripoti ya malaria ya Shirika la Afya Duniani inasema 2022 utafiti wote wa malaria duniani, ukiweka pamoja dawa, chanjo, vipimo na mambo ya mbu, serikali na mashirika na kampuni wote kwa jumla, ulipata dola milioni 603. Gawa ile ya Amazon kwa siku 365, utapata kama milioni 200 kwa siku. Utafiti wa malaria wa dunia nzima kwa mwaka mzima ni siku tatu za Amazon. Kitengo cha Meta cha miwani ya ulimwengu wa kidijitali mwaka huohuo peke yake kiliandika hasara ya uendeshaji ya dola bilioni 13.7, zaidi ya mara 20 ya utafiti wa ugonjwa ambao mwaka ule uliua watu kama 608,000, wengi wao watoto wa Afrika chini ya miaka mitano. Nimezirudia hizi hesabu kwa kikokotoo mara kadhaa nikitaraji nimezidisha sifuri.

Siwatukani Amazon wala Meta. Kampuni inapeleka pesa ya utafiti anapokaa mteja mwenye pesa, ndo kazi waliyopewa na wenye hisa. Sasa tazama chandarua: anaekilalia hakinunui, anaekinunua ni mfuko wa wafadhili, Global Fund au mpango wa rais wa Marekani wa malaria, kwa zabuni, na bei inapiganiwa mpaka dola 2 au 3 kimoja. Upande wa pili, makadirio ya wenye viwanda vya dawa za mimea yanasema kuleta dawa moja mpya kabisa ya mazao sokoni ilikuwa inagharimu kama dola milioni 286 na miaka 11, wakizipima molekuli kama 160,000 ili wapate moja. Mtu wa mahesabu yeyote atakwambia hiyo pesa hairudi kwa chandarua cha dola 2. Inarudi kwa mahindi, soya na pamba. Kwaiyo sisi tunaokota kwenye kabati la dawa za mimea iliyotufaa, na ikitokea mbu wamezoea zote zilizomo kabatini hatuna mahali pa kukimbilia. Chanjo ya malaria nayo ukiitazama utaona muda: kampuni ya dawa ya GSK walianza kazi ya chanjo inayoitwa RTS,S mwaka 1987 na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la kuitumia kwa upana likaja 2021.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mnunuzi. Marekani mwaka 2025 wameivunja USAID, shirika lao la misaada, ambayo ndo mikono yao ilikuwa kwenye upigaji dawa na vyandarua vyetu kwa miaka. Mnunuzi mkubwa akiyumba, kiwanda kinapunguza, na mkubwa wa utafiti wa BASF kule Ludwigshafen au wa Sumitomo kule Tokyo akikaa kwenye kikao cha bajeti ataulizwa suala moja tu, hii itauzwa kwa nani? Nchi za Afrika zilikubaliana zamani kuweka asilimia 1 ya pato la taifa kwenye utafiti, Khartoum 2006 wakalisisitiza tena, na nyingi hazijafika. Mie naona hata tukianza na kidogo tuanzie kwa mbu, kwa sababu watu wa kazi tunao, mbu tunao, na SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, pale Tunguu wanafunzi wa sayansi nawaona kila siku wakipita mbele ya vyumba vyangu na mabegi mgongoni, vijana wa kusubiria nafasi tu.

Basi turudi kwenye matumizi, kwa wanaotaka kukitundika usiku huu. Kikiwa kipya kitoe mfukoni ukianike kivulini siku nzima kabla hujakilalia, la sivyo uso na mikono vitawasha, si hatari lakini mtoto atalia na utakilaumu bure. Usikifue kila wiki kama shuka, kikichafuka ndo ukifue, kwa maji baridi na sabuni ya mche ya kawaida, usitie jiki, usikisugue kwenye jiwe, na uanike kivulini kwa sababu jua linaiua dawa. Maji ya kufulia mwaga kwenye shimo la choo au chini mbali na kisima, usimwage ufukweni wala mtoni, kwa sababu dawa hizi zinaua samaki. Na nawaomba sana wenzangu wa pwani, chandarua cha dawa kisigeuzwe juya la dagaa, inauma kuona kitu kilichopiga miaka yote ile ya maabara kinaburutwa kwenye maji madogo kinazoa mpaka vifaranga vya samaki.

Kwa kitanda cha futi tano kwa sita chukua kikubwa, kiwe na urefu wa kuingia chini ya godoro pande zote, kwa sababu kikiwa kifupi mtu anaacha upande mmoja unaning'inia. Kwa kitanda cha besera hakina tabu, funga kamba nne kwenye nguzo. Kwa vitanda vya chuma vya wanafunzi nimepigilia misumari minne ukutani na kamba ya nailoni, na nimewaambia wapangaji atakaekivua usiku nikamkuta basi tutazungumza.

Nyota tano kwa cha dawa mbili, bila kusita. Vyumba vya Tunguu navitaka vyote viwe hivo, cha lesi nimekiacha chumba cha wageni na ndani yake nimetundika cha dawa, uzuri uonekane nje na kazi ifanyike ndani. Tabu niliyonayo ni kwamba cha dawa mbili kwenye maduka niliyopita Darajani na Mlandege sikukikuta, wengi hata hawajakisikia. Kama yupo anaejua pahala hapa Unguja au Chake Chake kinapouzwa kihalali, kikiwa kwenye mfuko wake na lebo iliyotaja dawa zote mbili, aniandikie hapa chini pamoja na bei.